Madereva Wangu wa Kijani

Najua niliahidi sehemu ya pili ya somo la Python, na ahadi ni deni, nitalilipa. Lakini leo naomba mniruhusu niweke msimbo kando kidogo niwasimulie kuhusu reli yangu ndogo, na jinsi nilivyotumia wiki mbili nzima kuwatafutia magari yangu madereva. Madereva ninaosema si zile programu zinazounganisha printa na tarakilishi. Ni watu. Watu wa plastiki, wenye kichwa kidogo kuliko punje ya mchele.

Kabla hujafunga ukurasa ukisema haya si mambo ya teknolojia, ngoja nikukumbushe jambo. Katika chuo cha MIT kule Marekani kuna klabu ya reli ndogo iliyoanzishwa mwaka 1946, Tech Model Railroad Club. Wanachama wake walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na waliopenda kupaka mabehewa rangi na kutengeneza mandhari, na kulikuwa na waliojificha chini ya meza wakiunganisha nyaya na swichi za simu. Hao wa chini ya meza ndio walioanza kutumia neno "hack" kwa maana tunayoijua sisi watu wa programu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi yao wakahamia kwenye kompyuta ya TX-0, kisha PDP-1, na kwenye hiyo PDP-1 ndiko mchezo wa Spacewar! ulikotokea mwaka 1962. Kwa hiyo usicheke reli ndogo, ndugu yangu. Ni shangazi yetu.

Mimi tangu mwanzo nilikuwa mtu wa chini ya meza. Nilijenga reli ili nipate kitu cha kuendesha kwa programu, basi. Nina ubao wa futi nne kwa nane katika chumba ambacho dada yangu bado anakiita chumba chake. Kipimo ni HO, yaani 1:87. Hesabu zake ni tamu: reli za HO zina upana wa milimita 16.5, na ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1435, ambao ndio upana wa reli mpya ya SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ni ya mita moja. Kwa hiyo pembeni nimeweka kipande kingine cha reli ya milimita 12, nyembamba zaidi, kwa ajili ya injini moja ya mvuke nitakayoieleza mbele. Ubao wote ni Voi ya kubuni. Nasema ya kubuni kwa sababu nimezisogeza steshini mbili jirani kuliko zilivyo kweli, na kivuko cha barabara nimekitunga mwenyewe.

Treni yangu inajiendesha. Inaongozwa na JMRI, programu huria iliyoandikwa kwa Java. Kivukoni kuna kitambuzi cha mwanga, Arduino na mota ndogo inayoteremsha kizuizi. Magari yanasimama, treni inapita, kizuizi kinapanda. Ndani ya basi na lori nilikuwa nimetia taa ndogo za LED. Nilijivuna kweli.

Kisha babu akaja.

Ni babu mzaa mama, anaishi Voi, na alikuwa amekuja Nairobi kliniki kwa ajili ya goti lake. Angekaa nasi majuma mawili. Kwetu sisi wajukuu babu ni mtu mkubwa, kwa sababu babu aliendesha treni. Ndivyo tulivyokua tukiambiwa, na ndivyo mimi nilivyowaambia wenzangu shuleni, wengine wakanikopesha biskuti kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Nikamwamkia, nikamkalisha kwenye kiti, nikazima taa ya chumba, nikabonyeza kitufe.

Treni ikapita. Kizuizi kikashuka. Basi likasimama, taa zikiwaka ndani. Babu akainama, akatazama muda mrefu.

"Hili basi halina mtu," akasema.

"Ndiyo, babu. Linaongozwa na tarakilishi."

"Na lori?"

"Vivyo hivyo."

"Na treni?"

Nikaanza kumweleza habari za JMRI. Akaniinulia mkono kwa upole. "Mjukuu wangu, kazi ni nzuri. Lakini usiku ukiona gari linakuja, taa zinawaka ndani, na hakuna anayeshika usukani, utalipisha au utakimbia?"

Dada yangu akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Maana alisema kweli: kabla ya taa hakuna aliyeona kwamba magari yangu ni matupu. Ni mimi mwenyewe niliyetia taa nikauonyesha utupu wangu.

Basi siku iliyofuata nikaanza. Kwa wale wanaotaka kujaribu, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, pima kabla ya kununua. Mtu wa mita 1.75 ukimgawa kwa 87 anakuwa milimita 20. Akikaa, kutoka kitini hadi utosini ni kama milimita 10. Kampuni ya Preiser ya Ujerumani imekuwa ikitengeneza watu wadogo kwa miaka mingi, na inauza hata wasiopakwa rangi, ambao ndio nafuu ukihitaji wengi. Lakini gari dogo la plastiki si gari la kweli lililopunguzwa. Ukuta wake ni mnene kupita kiasi, sakafu iko juu mno, na paa linashuka kwa ndani. Mtu aliyepimwa sawasawa hatoshei.

Pili, kufungua gari. Magari mengi ya HO hayana skrubu. Mwili, vioo, viti na fremu vimebanwa kwa vijino vidogo. Usitumie bisibisi. Tumia kijiti cha meno au kadi ya simu ya zamani, anza karibu na magurudumu, na usikilize. Ukisikia "tik" ni jino limeachia. Ukisikia "kra" ni jino limevunjika, na mimi nilisikia "kra" mara mbili.

Tatu, na hili linatuhusu sisi hasa: usukani uko kushoto! Magari mengi haya yametengenezwa kwa barabara za Ulaya bara na Marekani. Ukimkalisha dereva kama alivyo, Voi yako itakuwa na madereva wanaotafuta ajali. Niliukata usukani kwa kisu cha wembe nikaugandisha kulia. Usukani wa HO una upana wa milimita 4 na kitu. Wa kwanza uliruka kutoka kwenye kibanio, nao uko chumbani humo mpaka leo. Wa pili nikatengeneza kwa kuzungusha waya wa shaba kwenye ujazo wa kalamu. Waya unapatikana bure: chuna kebo ya mtandao ya zamani, kila uzi wa ndani ni kama nusu milimita.

Nne, kumkata miguu dereva. Nisamehe, lakini hakuna njia nyingine. Chini ya dirisha hakuna anayeona. Unamkata mapajani, ukiona bado paa linamgusa unamkata zaidi, hadi anabaki kiwiliwili kinachokaa juu ya kiti. Mikono ndiyo usiipoteze, kwa sababu mtu anayeonekana dirishani anatambulika kuwa dereva kwa mikono yake. Dereva asiyeshika usukani ni abiria tu aliyekaa vibaya. Kama mikono ya plastiki haifiki, ikate, weka ya waya wa shaba.

Tano, gundi. Usitumie ile supa gluu ya haraka ndani ya gari lenye vioo. Mvuke wake hukwama kwenye plastiki ya kioo na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Lori langu la kwanza likawa kama limeegeshwa Limuru mwezi wa saba. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Inakauka polepole, lakini dereva haendi popote.

Sita, viti. Vingi ni vyeusi, na dereva mwenye nguo nyeusi kwenye kiti cheusi hupotea kabisa. Paka kiti kijivu cha kufifia. Na rangi yoyote utakayompaka mtu, iongeze weupe kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa cha rangi ileile.

Nilikuwa na magari matano. Basi, lori, pikapu, trekta, na gari dogo nililolizungushia mstari wa manjano likawa matatu. Matatu nikaitendea haki kwa kufuata zile kanuni za Michuki za mwaka 2004: dereva sare ya buluu, makanga sare nyekundu ya damu ya mzee, akisimama mlangoni. Watu niliowanunua walikuwa weupe wa plastiki, nami nilitaka wafanane na watu wa Voi. Nikachanganya rangi ya ngozi mwenyewe: kahawia, njano kidogo, nyeupe kidogo. Siku nne za jioni. Macho yaliniuma. Kisha nikamwita dada yangu.

Alitazama basi. Akatazama lori. Akanitazama mimi.

"Mbona madereva wako ni wa kijani?"

Nikamwambia aache mzaha. Akaleta simu, akapiga picha, akaikuza. "Wa kijani. Kama mboga. Na huyu makanga wako amevaa hudhurungi." Nikatazama ile picha. Mimi niliona watu. Niliona ngozi ya kahawia, nzuri, niliyoihangaikia siku nne.

Tukaanza kubishana kama tulivyozoea tangu utotoni, na kama tulivyozoea tukamwita mkubwa aamue. Babu akaja na mkongojo wake, akainama, akamtazama dereva wa basi kwa karibu sana.

"Yuko sawa kabisa," akasema. "Huyu ni mtu. Kijani kiko wapi?"

Nikamgeukia dada yangu kwa ushindi. Lakini yeye hakuwa akibishana tena. Yeye ni mwalimu wa bayolojia. Alikuwa akitutazama, mara mimi, mara babu, kama mtu aliyepata jibu la swali ambalo hakuulizwa.

"Babu," akasema taratibu, "umewahi kupimwa macho ya rangi?"

Babu alinyamaza. Akavuta kiti akakaa. Na hapo, mbele ya basi lenye taa, ndipo tulipoisikia habari ambayo hata mama hakuwahi kuisikia.

Babu hakuwa dereva. Alianza kwa kusafisha injini bandani, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapandishwa kuwa fayamani, yule mtu wa pili ndani ya injini anayetunza moto. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, kwenye Garratt, zile injini kubwa za daraja la 59. Alikuwa anajua kazi. Dereva wake alimfundisha kila kitu, naye akapelekwa kwenye mtihani wa udereva. Njia akaijua, breki akazijua. Kisha wakamwekea kitabu chenye kurasa za vitone vya rangi, wakamwambia asome namba iliyomo.

"Nikawaambia, namba gani? Hapa pana vitone tu."

Kitabu hicho nakijua sasa. Kilitungwa na daktari wa Kijapani, Shinobu Ishihara, na kilitoka mwaka 1917. Mwenye macho ya kawaida huona namba. Asiyetenganisha nyekundu na kijani huona vitone. Na kwenye reli, nyekundu na kijani si mapambo. Ni watu mia tano nyuma yako.

"Babu, sasa ulikuwa unaonaje ishara?" nikamuuliza.

"Mchana ni mkono wa mlingoti. Ukilala, simama. Ukibadilika, pita. Mkono hauna haja ya rangi. Usiku aliyesoma taa ni dereva. Mimi nilisema alichosema yeye." Akatikisa kichwa. "Walifanya haki kunikataa. Ningeua watu. Lakini sikuweza kurudi nyumbani niseme ni macho. Ungemwelezaje mtu? Siyo kipofu, unaona, lakini huoni."

Akahamishiwa karakana, akafanya kazi huko hadi alipostaafu. Watoto mtaani walikuwa wakisema baba yao anaendesha treni. Yeye hakusema ndiyo, hakusema hapana. Baadaye tukazaliwa sisi, na hadithi ilikuwa imeshaota mizizi.

Usiku ule nilijipima kwenye tarakilishi kwa vitone vilevile. Vitone tu. Siku chache baadaye mtaalamu wa macho akathibitisha. Dada yangu alinichorea: jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya X. Babu alimpa mama X yake, mama anaibeba bila kuumwa kwa sababu ana ya pili, na kwangu mimi ilikuwa kama kurusha shilingi. Miaka yote hii ya kuandika programu! Jaribio likifaulu mstari ni wa kijani, likishindwa ni mwekundu, nami siku zote nilikuwa nikisoma maneno yaliyoandikwa pembeni bila kujiuliza kwa nini wenzangu hawasomi. Nilimsomea mlingoti mkono wake.

Sasa turudi kwenye ile injini ya mvuke. Garratt za daraja la 59 zilitengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester, injini 34, katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ikapewa jina la mlima. Zilikuwa injini kubwa kuliko zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja. Mlima Gelai, namba 5918, ipo hadi leo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, nenda ukajionee. Urefu wake unapita mita 31, kwa hiyo yangu ni kama sentimita 36. Niliichora mwenyewe na kuichapa kwa printa ya 3D. Haitembei, imesimama tu kwenye reli yake nyembamba. Nilikuwa nimeshamweka dereva mmoja ndani, mwembamba, mrefu kiasi, nikiwa nimekusudia awe babu.

Nilimwonyesha kabla hajarudi Voi. Akasema, "Huyu si mimi. Mtoe."

Kisha akanielekeza. Dereva wake alikuwa Kalasinga, mtu mnene, hakosi kilemba. Nikafinyanga kilemba kwa uzi wa kushonea uliolowekwa gundi. Fayamani hakai, akasema, fayamani anasimama. Injini zile zilichoma mafuta, si makaa, kwa hiyo hana sepetu. Mkono mmoja uko kwenye vali ya mafuta, na kichwa kiko nje ya dirisha anatazama dohani, kwa sababu moshi mweusi maana yake unachoma mafuta ya bure. Moshi, akasema, aliusoma vizuri kuliko mtu yeyote. Moshi hauhitaji rangi, unahitaji kujua mzito na mwepesi. Nikamkata mtu miguu kwa mazoea, kisha nikakumbuka anasimama, ikabidi nianze na mwingine.

"Bado," babu akasema. "Tulikuwa wanne."

Safari ya Mombasa na Nairobi ilikuwa ndefu kuliko zamu moja, kwa hiyo nyuma ya injini kulikuwa na behewa la kulala. Dereva na fayamani wanafanya kazi, dereva na fayamani wengine wanalala, kisha wanabadilishana. Nikajenga behewa kwa kadibodi. Vitanda viwili, watu wawili wamelala chali. Hao sikuwakata chochote. Nikafunga paa kwa gundi.

"Hawataonekana," dada yangu akasema.

"Wapo," babu akajibu.

Rangi safari hii tuligawana kazi. Dada anasoma chupa na kuandika herufi kwenye vifuniko, mimi napaka. Wale watano wa kijani wa mwanzo nilitaka kuwapaka upya, babu akanikataza, akasema kwake wako sawa. Nimewaacha. Ukija kwangu ukiona basi la Voi linaendeshwa na mtu wa rangi ya sukuma wiki, usiulize, unajua habari yake.

Mama tulimwambia kwa simu, babu mwenyewe akiwa ameshika kipokezi. Alisema maneno machache, kisha wakazungumza Kitaita kwa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alikuwa mwepesi wa uso. Akaniomba niiwashe treni mara moja kabla ya basi lake.

Haya, kwa leo naishia hapa. Kama wewe ni mwanamume na mara nyingi unaambiwa umevaa soksi zisizolingana, nenda ukapimwe, hakuna aibu. Na kama unaandika programu, usitegemee nyekundu na kijani peke yake, weka na neno pembeni. Sehemu ya pili ya Python inakuja, naapa. Hadi wakati huo, tuonane.